Albamu ya Vinanda na Sikio Langu la Kushoto

Watu wakiniuliza kwa nini, baada ya miaka ishirini ya kupayuka mbele ya magitaa, niliamua kutoa albamu ya vinanda, huwa nawadanganya. Nawaambia habari ya kaseti za marehemu baba. Ni habari nzuri, ina baharia ndani yake, na watangazaji wa redio huipenda. Baba alikuwa akipakua shehena bandarini Kilindini, na siku moja baharia mmoja alimpa kaseti tatu kwa kumshukuru. Mbili zilikuwa za roki ya kelele. Ya tatu ilikuwa ya ule muziki ambao wenyewe waliuita wimbi jipya: ngoma kavu zinazokwenda kama cherehani, gitaa linalodokoa tu, vinanda virefu vya baridi juu yake, na mwimbaji anayeimba kama mtu anayesoma barua asiyotaka kuisoma. Nilikulia Changamwe nikizisikiliza zote tatu. Nilipofika umri wa kuwa na hasira nikachagua zile mbili za kelele.

Yote hayo ni kweli. Uongo ni kusema kwamba ndiyo sababu.

Sababu ni kijumba kidogo kama kabati, katika hospitali moja upande wa Port Reitz, nilikokwenda kwa siri baada ya sikio la kushoto kuwasha mlio wa nyenje na kukataa kuuzima. Nilivishwa hedifoni, nikapewa kitufe, nikaambiwa nibonyeze kila nikisikia mlio, hata uwe mdogo vipi. Upande wa kulia nilibonyeza mpaka kidole kikachoka. Upande wa kushoto nilikaa nikingoja. Nilingoja sana. Kupitia kioo nilimwona daktari akigeuza kidude cha mashine yake, akiandika, akigeuza tena, akiandika tena. Nikaelewa kwamba milio ilikuwa ikipigwa, na mimi nilikuwa nimekaa namtazama tu.

"Mama, unafanya kazi gani?" aliniuliza nilipotoka.

"Naimba."

"Kwaya?"

"Roki."

Aliweka kalamu chini. Akaniambia kwamba sikio la kushoto limepoteza sauti za juu na hazitarudi. La kulia bado ni zima, lakini nikiendelea kusimama mbele ya spika zile, nalo litafuata. Alisema neno hilo kwa upole, litafuata, kana kwamba masikio yangu yalikuwa na miadi mahali.

Sikumwambia mtu. Hebu fikiria. Mwimbaji huishi kwa kujua kwamba noti hii iko mahali pake na ile haipo. Siku sikio likishindwa kujua hilo, hata sauti iwe nzuri vipi, kazi imekwisha, na mimi sina kazi nyingine ninayoijua. Niliogopa mpaka nikawa mkali kwa watu wasiohusika, wakiwemo majirani na mwuza mkaa.

Ndipo nikaikumbuka kaseti ya tatu. Muziki ule haukuhitaji amplifaya nyuma ya mgongo. Kinanda kingepita kwenye waya moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, ngoma zingetoka kwenye mashine, gitaa lingedokoa kwa adabu, nami ningesikia kila kitu kwa hedifoni, kwa sauti ninayoipima mwenyewe. Ilikuwa ndiyo roki pekee ambayo ningeweza kuiimba bila kufa kiziwi.

Katika bendi yetu ya watu wanne tulikuwa tumebaki wawili. Mpiga ngoma alikwenda Doha kulinda mlango wa duka kubwa. Mpiga besi aliokoka, akaniombea kwa sauti kubwa nyumbani kwangu, kisha akaondoka. Aliyebaki ni mpiga gitaa, mtu wa Likoni, fundi wa redio, mkubwa kwangu kwa miaka michache, ambaye tulikuwa naye kwa miaka kumi na minane katika kumbi na hoteli za Bamburi na kwingineko. Hakuwa msemaji. Zamani alisimama kushotoni kwangu, halafu karibu miaka miwili iliyopita akahamia kulia, akasema waya wake ni mfupi. Tangu hapo akazuka pia na tabia mpya: kila ninapokaribia kuingia kwenye ubeti, aliinamisha shingo ya gitaa kidogo, na kidevu chake kikashuka nayo. Nilimtania kwamba ni maringo ya uzeeni, anawasalimia wanawake wa viti vya mbele.

Nilimpelekea habari dukani kwake, asubuhi, akiwa amefungua tumbo la redio.

"Vinanda," alisema. "Kama vya harusini?"

"Siyo vya harusini. Muziki mpya, kaka. Yaani ni wa zamani, ila kwetu utakuwa mpya."

"Na mimi wanitaka nifanye nini?"

"Udokoe."

"Nidokoe." Aliweka bisibisi mezani. "Miaka yote hii nimekufuata, leo waniambia nidokoe kama kuku."

"Kama hutaki, sema hutaki!"

"Sijasema sitaki. Nauliza tu, dada. Kuna jambo?"

Alinitazama machoni, jambo ambalo si kawaida yake. Hapo ndipo ningesema. Nimelirudia swali lile mara nyingi tangu siku hiyo, na kila nikilirudia naona jinsi lilivyokuwa jepesi kujibiwa.

"Hakuna jambo," nilisema. "Watu wamechoka na kelele."

"Haya," alisema, akarudi kwenye redio yake.

Kinanda nilikiazima Kisauni, kwa mzee mmoja wa taarabu aliyewahi kufanya kazi bandarini na baba. Mzee huyu amepiga kwenye harusi nyingi kiasi kwamba hupita barabarani akisalimiwa na akina mama wenye wajukuu, kila mmoja akimkumbusha, "Mimi ulinipigia." Kinanda chake ni kikubwa, cha zamani, na kina zile sauti za baridi nilizozitafuta, ambazo hivi vidogo vya siku hizi havina. Alikitoa chumbani kimefungwa kanga mbili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Chukua. Lakini sikiza. Hii ni amana. Hapa chini chagua sauti uitakayo. Vitufe hivi vidogo vya juu usiviguse, nimevipanga mwenyewe, kila kimoja kina kazi yake. Kirudi kama kilivyotoka."

"Inshallah, baba," nilisema, mimi Mkristo wa Changamwe, maana kwetu hilo ndilo jibu.

Asiyekulia pwani huenda asielewe uzito wa neno hilo. Kitu cha kuazima unaweza kukizoea, ukakigeuza utakavyo. Amana huizoei. Ukipewa sufuria ya amana unairudisha na kifuniko chake kikiwa kimekaa upande ule ule. Kwa hiyo nilipofika studio na prodyuza akanyoosha mkono kuelekea vitufe vya juu, nilimwambia nitamvunja vidole, naye aliniamini. Alikuwa kijana wa bara aliyezoea kurekodi kwaya na vijana wa kufoka, mpole, mwenye kuniita mathe.

Studio ilikuwa chumba kimoja hapo hapo Kisauni, magodoro yamesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Tulirekodi mchana. Feni ilizimwa kila tuliporekodi, kwa kuwa maiki iliisikia, na jasho lilitiririka mpaka vitufe vya kinanda vikateleza. Ukuta wa nyuma ulipakana na msikiti, kwa hiyo siku yetu ilikatwa na adhana: adhuhuri tulinyamaza, alasiri tulinyamaza. Si kwa sababu maiki ingeichukua tu. Adhana ikitolewa hakuna anayezungumza juu yake, wala anayepiga chombo, wala anayecheka. Unakaa na ulichonacho moyoni mpaka iishe.

Kinanda nilikipiga mwenyewe, kwa mikono niliyofundishwa kanisani. Wimbo wa kwanza ulikaa. Wa pili ulikaa vizuri zaidi. Nilitoka nje nikitembea kwa madaha, nikajisemea kwamba nimemshinda daktari.

Kwenye wimbo wa tatu kitu kiliteleza. Nilipiga kinanda, mpiga gitaa akadokoa, mimi nikaimba, na katikati ya sauti hizo tatu palikuwa na uchachu. Kama maziwa yanayoanza kuharibika: bado hujakubali, lakini ulimi umeshajua. Nikaomba turudie. Ukawepo. Tukarudia tena. Ukawepo pale pale.

Niligeuza hedifoni, ya kulia nikaiweka kushoto. Nikaliziba sikio bovu kwa kidole, nikasikiliza kwa lile zima peke yake. Uchachu haukuondoka. Maana yake basi haukuwa wa sikio la kushoto. Ulikuwa wa kulia. Daktari alisema litafuata, lakini sikutarajia lifuate kwa mbio namna ile, katikati ya albamu, wakati nimeliepusha na kila kelele.

"Iko fiti, mathe," alisema prodyuza. "Inauma poa."

"Iko sawa kweli?"

"Si ndiyo hiyo staili mpya ulisema?"

Nilimtazama mpiga gitaa. Alikuwa ameinamia gitaa lake, vidole vya mkono wa kushoto vikivuta nyuzi kwa namna ambayo sijawahi kuiona, akizikokota pembeni, akizirudisha, akizikokota tena, kama mtu anayefukuza kitu kwenye ubao wa gitaa. Akainua uso, akanitazama, akangoja. Mimi nikatazama kando. Ningemwuliza, "Wewe wasikia sawa?" angenijibu, na jibu lake lingekuwa hukumu. Akisema ni sawa, basi mimi nimekwisha. Nikaona heri kutojua.

Wiki mbili nilikwenda hivyo. Nilikuwa nikiamka na kupima sikio kwa matone ya bomba, kwa saa ya ukutani, kwa kusugua vidole karibu na kichwa. Nyumbani nilisikia kila kitu. Studio nilisikia uchachu. Wimbo wa nne niliuimba mara kumi na nne, na mara ya kumi na nne sauti yangu haikujua tena pa kukaa, ilikuwa ikitangatanga kati ya kinanda na gitaa.

Wimbo wa tano ndio uliovunja. Ilikuwa karibu adhuhuri, feni imezimwa, joto la kukunyima hata subira uliyokuja nayo. Tulifika kwenye kiitikio, uchachu ukatokea, nikavua hedifoni nikaitupa juu ya godoro.

"Tengeneza gitaa lako!"

"Limetengenezeka," alisema.

"Halijatengenezeka! Siku kumi na nne naimba juu ya kinanda kizuri, wewe wanivutia nyuzi kama nguo za kukamua. Mtu mzima huisikii noti? Kama masikio yamekufa sema, usiniharibie kazi. Nenda kasikilize hizo redio zako mbovu huko Likoni!"

Nilimtupia ugonjwa wangu mwenyewe, neno kwa neno, mbele ya prodyuza. Aliuchukua bila kupepesa macho. Akafungua kinywa, na wakati huohuo, nyuma ya ukuta, adhana ikaanza.

Tukanyamaza wote. Yeye alichomoa waya, akaukunja polepole, mzunguko juu ya mzunguko. Nikauona ulivyo mrefu, lakini sikuufikiria. Akalifuta gitaa kwa kitambaa, upande wa mbele, upande wa nyuma. Akalilaza ndani ya mfuko wake, akavuta zipu taratibu ili isitoe sauti. Nilikuwa na nafasi yote ya kumshika mkono. Nilijiambia siwezi kumwita kwa kuwa adhana bado haijaisha, na nakiri kwamba nilifurahi kuwa nacho kisingizio hicho. Ilipokwisha, mlango ulikuwa umefungwa na yeye hayupo.

"Mathe," alisema prodyuza kwa sauti ya chini, "hiyo ilikuwa kali."

Nilimwambia afanye kazi yake.

Siku ya tatu nilirudi studio peke yangu. Nikamwambia prodyuza aondoe gitaa, aondoe ngoma, aondoe sauti yangu, aniachie kinanda kitupu. Nilikuwa na hakika kitasikika kizuri na kosa litabaki kwa aliyeondoka. Akabonyeza. Kinanda kikalia peke yake, na uchachu ulikuwa ndani yake.

Uzi wa gitaa hulegea kwa joto, sauti ya mtu hulegea kwa uchovu, lakini mashine hailegei. Ndivyo nilivyoamini mimi, mtu wa magitaa. Kama kinanda kitupu nakisikia kibovu, basi kibovu ni mimi. Nilimwambia prodyuza azime kompyuta, albamu imekwisha. Nikakifunga kinanda katika kanga zake mbili, nikakibeba kwenda kwa mwenyewe. Nilikuwa nimetulia kwa namna ya kutisha, kama maiti aliyekwisha kuoshwa.

Mzee alinikaribisha barazani. Nikamwambia kazi imekwama, sitaki kukaa na amana ya watu. Hakuuliza zaidi. Alifungua kanga, akachomeka waya, na kabla ya kukirudisha chumbani akakipiga kidogo, kukikagua, kama unavyohesabu sahani zilizorudi. Akapiga mwanzo wa wimbo wa kumtoa bibi harusi.

Na noti ileile iliyonitesa wiki mbili ikapita chini ya kidole chake. Ilikuwa tamu.

"Baba, rudia hapo."

"Hapa?"

"Hapo. Hiyo noti." Nikasema kabla sijafikiri. "Iko chini."

Aliinua mikono kutoka kwenye kinanda, akanitazama.

"Iko chini, ndiyo. Nimeishusha mimi. Hii, na hii yake hapa." Akaonyesha vitufe viwili vyeupe. "Robo ya noti tu. Bila hivyo nyimbo hizi zenye asili ya Kiarabu hazikai, wallahi, harusini wataniuliza nimekula nini. Si nilikwambia nimekipanga?"

Akageuza kitufe kimoja cha juu. "Sasa?"

"Imepanda."

"Sasa?"

"Imeshuka."

Akanigeuzia mgongo ili nisione mkono wake, akapiga tena, na tena, mara nyingine akiibadilisha na mara nyingine akiiacha, na kila mara nikamwambia bila kukosea. Nilikuwa tena ndani ya kile kijumba cha hospitali, ila safari hii nilibonyeza kila nilipoulizwa. Nyimbo mbili za mwanzo zilikaa kwa sababu zilikwenda zaidi kwenye vitufe vyeusi, hazikuzigusa noti zile. Kuanzia wa tatu nilizikanyaga kila mstari. Sikio langu lilikuwa zima. Lilikuwa likinipigia kelele wiki mbili kwamba kuna kosa, nami nikaliita kiziwi.

"Una sikio, mwanangu," alisema mzee. "Marehemu babako hakuwa nalo, Mungu amrehemu."

Nilicheka na kulia pamoja, barazani, mbele ya wapita njia. Naye akaningoja, akanipa kahawa, kisha akauliza swali la mtu wa kazi: "Na huyo mpiga gitaa wako, gitaa la kawaida, aliwezaje kupiga juu ya kinanda hiki?"

Hapo kicheko kikakatika. Niliviona vile vidole vikizikokota nyuzi. Alikuwa akiitafuta noti isiyokuwapo kwenye gitaa lake, akivuta uzi mpaka aipate, ili awe pale nilipo mimi.

Kesho yake asubuhi nilivuka feri. Nilimkuta dukani, anaunga waya kwa risasi ya moto ndani ya redio, moshi mwembamba ukimpanda usoni. Hakunipa kiti. Nilisimama mpaka amalize.

"Kinanda ndicho kilichokuwa chini," nilisema.

"Najua."

"Ulijua?"

"Toka wimbo wa tatu. Nikadhani ndivyo utakavyo. Ulisema wataka kitu kipya. Nikavuta nyuzi nikufuate."

"Mbona hukuniuliza, kaka?"

"Nilikuuliza. Hapa hapa uliposimama. Nikakuuliza kuna jambo, ukanambia hakuna."

Basi nikamwambia. Nilimwambia yote, kijumba, kitufe, daktari, nyenje, jinsi sikio la kushoto lilivyokufa na jinsi nilivyodhani la kulia limekufa pia. Nilisema kwa haraka na kwa aibu. Alikuwa akikikuna kinundu cha risasi mezani kwa ukucha.

"Na hilo najua," alisema.

Akaupuliza ukucha.

"Miaka miwili sasa. Nilikuwa nikikuashiria kutoka kushoto, hugeuki. Nikikuita, hugeuki. Nikahamia kulia. Huko nako ukawa wachelewa kuingia, nikaanza kukuinamishia gitaa."

"Ulisema waya wako mfupi."

"Waya wangu wafika barabarani, dada."

Sijui kama nimewahi kuona aibu kama ile. Nikamwambia nisamehe. Akasema amekwisha kusamehe, na ninaamini hakusema ili kuniondoa. Nikamwambia basi rudi, mzee amekubali kuzipandisha zile noti yeye mwenyewe kwa mkono wake, tunaanza upya kesho.

"Hii imalize mwenyewe."

"Bado una hasira."

"Nina hasira, ndiyo. Siyo ya kutukanwa. Kutukana umenitukana miaka kumi na minane, nimezoea." Akainua redio, akaitikisa, akasikiliza ndani yake. "Mimi nimekaa nangoja uniambie. Miaka miwili nangoja. Nawe ukaniona mimi ni mtu wa kufichwa."

Nikaondoka.

Tulimaliza, mimi na prodyuza. Mzee alikuja studio na kofia yake, akazipandisha noti mbili, akakaa pembeni na tasbihi mpaka nilipomaliza kurekodi upya kinanda na sauti yangu, akazishusha tena akakichukua kinanda chake kwa ajili ya harusi. Kilichobaki kilikuwa gitaa la ule wimbo wa tatu, wa nne na nusu ya wa tano. Tulijaribu kuliacha. Kinanda kilipokuwa sawasawa, gitaa ndilo lililosikika limekosea. Alikuwa amenifuata mpaka ndani ya kosa, na kosa lilipoondolewa akabaki yeye huko peke yake. Prodyuza alilifuta, wimbo mmoja baada ya mwingine, akiniuliza kila mara kabla ya kubonyeza, "Nifute, mathe?" na kila mara ilinibidi niseme ndiyo.

Albamu ilipotoka watu waliisifu kwa ujasiri wake. Walisema nyimbo mbili za mwanzo bado zina roki ya zamani, lakini kuanzia wa tatu nimethubutu kuacha nafasi tupu, baridi, ambayo hawajaisikia kwa mwimbaji wa huku kwetu. Mwandishi mmoja aliandika kwamba ukimya ule ndio sauti mpya. Nilisoma nikaikunja karatasi. Najua ukimya ule ulikuwa wa nani.

Tuliizindua Jumapili saa tisa alasiri katika ukumbi wa Bamburi, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki, mimi jukwaani na mashine ya ngoma, na kinanda kidogo nilichopewa na prodyuza. Nyimbo mbili zilikwenda. Wa tatu una mwanzo mrefu, ngoma zinazunguka tu bila kubadilika, na unatakiwa uhesabu. Spika za ukumbi zilikuwa kubwa kuliko nilivyoahidiwa. Nyenje akaamka kushoto, akanifunika, hesabu ikanipotea. Mashine haina shingo, haina kidevu, haijui kama upo au haupo. Ilizunguka, ikazunguka. Watu wakaanza kutazamana.

Nikageuka kulia kwa mazoea. Hapakuwa na mtu jukwaani, bila shaka. Lakini chini, kwenye ukuta wa kulia, amesimama peke yake ilhali viti vipo, alikuwepo yeye, na redio ya mtu ndani ya mfuko wa plastiki mkononi, kama aliyepita tu akielekea kwingine. Hakutabasamu. Alikuwa akinitazama na midomo ikihesabu.

Kidevu chake kikashuka.

Nikaingia.